Nahamia

Kompyuta ya mezani ilikuwa imekufa, basi Rukaya akafuatana na mumewe, Sudi, dukani kuchagua mpakato. Waliandika pamoja michezo ya redio, kwa hiyo alitaka yenye kioo kipana, wakae wawili waone. Sudi akaishika ndogo kuliko zote.

"Hii itaingia begini."

"Unasafiri nayo mbali, kaka?" muuzaji aliuliza.

"Nahamia bara mwezi ujao."

Rukaya alisubiri ajisahihishe, aseme tunahamia. Badala yake Sudi aliuliza chaji inakaa muda gani.

"Na wewe dada, unaionaje?"

Rukaya aliichukua, akaketi kwenye stuli, akaipakata kama mtoto. Sudi alinyoosha mikono kuipokea. Hakumpa.