Shimo la Minong'ono

Alikuwako Kakakuona, mlinzi wa shimo ambamo wanyama walinong'ona maovu waliyoyaona, naye akiyatangaza asubuhi bila kumtaja msemaji. Siku moja akatangaza kwamba mtawala, Chui, ameficha chumvi ya wote.

Chui akaja mbio. "Nani kasema? Nipe jina moja tu, ewe mzee wa magamba, ama nalifukia shimo lako leo!"

Kakakuona alilipenda mno shimo lake. "Digidigi," akajibu kwa sauti ndogo. "Lakini usimdhuru, mheshimiwa."

Digidigi hakuonekana tena. Shimo likabaki wazi.

Kiangazi kilipofika, Chui akatupa mizoga kisimani. Walioona walikuwa wengi. Kakakuona akatega sikio shimoni tangu alfajiri, asisikie neno, akawapeleka wanawe kunywa.