Mjukuu wa Mwingereza

Kengele ya mlango ililia Bi Shaikha akiwa na kikombe cha pili cha kahawa mkononi. Alikuwa ametoka Nizwa na binti yake Arwa, kuja Ibra kumposea mwanawe Hazim, na wanawake wa nyumba walikuwa wamekaa wima kama wanaopigwa picha.

Alyaa, mposwa mwenyewe, alikwenda kufungua. Mlangoni alisimama bibi mzee wa Kizungu, kofia mkononi, uso umeiva kwa jua.

"Naitwa Judith Pell," alisema kwa Kiingereza. "Namtafuta Harriet Pell, shangazi yake babu yangu. Aliondoka Uingereza mwaka 1886, akaolewa Zanzibar na Sheikh Hood wa Ibra. Miaka kumi na moja namfuatilia. Nimeambiwa humu ndimo kinamoishi kizazi chake."

Moyo ulimruka Alyaa. Harriet! Tangu skuli alikuwa akijisifu kuwa ni wa damu yake, mpaka chuoni marafiki wakachoka.

"Bibi yangu ndiye anayejua. Lakini anazungumza Kiswahili tu."

"Nitafsirie, basi. Kila neno. Watu wananionea huruma, halafu wananidanganya."

"Nakuahidi."

Siku ya posa haina nafasi ya mtu asiyealikwa, lakini mgeni harudishwi mlangoni. Mama yake Alyaa alimsogezea halua. Arwa, mwalimu wa Kiingereza, alimuuliza habari za safari, kisha akamweleza mama yake kwa Kiarabu ni nani huyu.

Bi Shaikha alifurahi waziwazi. "Kumbe kweli mna damu ya Mwingereza! Nikidhani watu wanatia chumvi. Sisi kwetu tunaangalia asili, binti yangu. Hazim ananisumbua mwaka mzima kwa ajili yako, nami nikimwambia ngoja kwanza nijue wametokana na nani. Sasa sina neno."

Alyaa aliinamisha macho. Mwaka mzima alikuwa akiisubiri kauli hiyo.

Bi Ghaniya, bibi yake wa miaka themanini na sita, alikuwa ameegemea mto wake. Alyaa akamsogelea.

"Bibi, anataka kujua Bi Harriet aliishi vipi hapa, na watoto wake ni nani."

"Ni wa ukoo wake hasa, huyu?"

"Ndiyo, Bibi."

Bi Ghaniya aliwatazama wageni wa Nizwa, akacheka kidogo. "Wamanga hawa hawajui Kiswahili, watadhani tunasifu halua. Haya, sikiliza. Mzungu aliishi vizuri. Aliswali, alifunga, alipanda maua ya kwao yasiyoota. Mwaka wa tatu homa ikamchukua. Hakuzaa."

"Hakuzaa, Bibi?"

"Hata mimba hakushika. Aliyezaa ni kijakazi wake, Mnyasa, aliyenunuliwa angali mtoto. Mzungu alipokufa, Sheikh Hood akamfanya suria. Huyo ndiye aliyemzaa baba yangu. Watu walipoanza kutuita wajukuu wa Mwingereza, baba hakuwasahihisha." Alirekebisha shela yake. "Mwambie utakavyo, mwanangu. Mimi nishasema."

Judith alikuwa ameinama mbele, kalamu juu ya daftari. Ng'ambo ya sinia Arwa aliacha kutafuna, akatega sikio kungoja Kiingereza.

"Bi Harriet hakuzaa," Alyaa alianza, taratibu, na hakuruka neno.