Nyumba Tuliyoachiwa Tuitunze

Mgeni wangu, mama mtu mzima, hakuhitaji hata kutazama. Alipapasa mwimo wa mlango wa jikoni, kidole kikashuka taratibu juu ya rangi, kikasimama kwenye mkato mdogo uliofika kifuani mwangu.

"Huyu ni mimi, nikiwa na miaka saba," alisema. "Huo wa juu ni kaka yangu. Baba alitupimia vimo hapa."

Baba yangu aliupaka mwimo ule rangi mara tatu. Mikato haikuzibika.

Nilimpa kiti, akakataa. Alitaka tu kuiona nyumba alimozaliwa kabla macho hayajaisha nguvu. Walipokimbia vita, baba yake alimwachia rafiki yake funguo amtunzie nyumba. Hawakuwahi kurudi.

"Ninyi mliinunua kwa nani, mwanangu?"

Aliuliza kwa upole, kama anayeuliza hali ya watoto. Rafiki yule alikuwa babu yangu. Baba aliniambia siku chache kabla hajafa, akanisihi nifyate ulimi kama alivyoufyata yeye.

"Babu aliinunua serikalini," nikasema.

"Mungu amlaze pema. Mmeitunza vizuri." Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaaga.

Nilibaki jikoni nikisikiliza ndara zake zikiburuzika kwenye kokoto. Alipogusa komeo la geti, nilikuwa tayari uani, miguu mitupu.

"Shangazi!" niliita kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia. "Rudi ndani. Babu hakuinunua."