Makofi ya Simbo

Yunisi, mgombea ubunge, alikuwa anakieleza kipaumbele chake cha kwanza, maji, bibi mmoja alipochuchumaa mbele ya jukwaa na kupiga makofi taratibu, viganja vimepinda kama kata ya kuchotea maji.

"Mshangilieni mgombea wenu," mpambe wake aliyetoka Dar akauhimiza umati.

Yunisi alijua hiyo si shangwe, ni salamu. Hivyo ndivyo marehemu mama yake alivyosalimia kila walipobisha hodi hapa Simbo, naye akimfuatisha kwa viganja vidogo vinavyonukia mawese.

"Mheshimiwa, muda unakwisha," mpambe alinong'ona.

Bibi alipiga tena, akangoja.

Kuitikia kunataka mikono yote miwili. Yunisi akakilaza kipaza sauti kwenye mbao za jukwaa, akachuchumaa.