Mwambie Usoni

Kila asubuhi Candide alikunywa chai namna moja: mkate wa parachichi mkono wa kushoto, simu mkono wa kulia, na mume wake Népomuscène mbele yake, akisikiliza. Candide alimsomea matatizo ya watu.

Alikuwa mshauri wa ndoa. Wenye uwezo walikwenda kwenye ofisi za mjini, wakakaa kwenye makochi. Wateja wa Candide walikuwa wale wasio na uwezo huo, au wenye haya ya kuonana na mtu uso kwa uso. Walimwandikia kwenye simu, bila jina, bila picha, kwa malipo ya vocha ndogo. Tangazo lake lilibandikwa kwenye duka moja la mtaa wa Kamenge: *Siri yako inaishia kwangu.*

"Papa Mélissa, sikia huyu mama wa mtaa wa Carama," alimwambia mumewe. "Eti analilia chooni, amefungua bomba, watoto wasisikie. Bwana amemwambia ananuka. Sasa si aoge?"

Akacheka mpaka kipande cha parachichi kikaruka, kikatua kwenye kitambaa cha meza.

Népomuscène alikifuta kwa kidole, taratibu. "Yule mama si alikuomba siri?"

"We pia! Nimetaja jina? Jina lenyewe mi silijui."

Népomuscène aliinuka. Aliingia chumbani, akatoka na begi lao la zamani.

"Unaenda wapi na hiyo?"

"Zipu imekufa. Nitapitia kwa fundi nikienda kazini."

Akaenda nalo uani. Candide alikuwa anamega kipande cha pili simu ilipolia. Haukuwa ujumbe wa WhatsApp kama wa wengine. Ulikuwa ujumbe wa kawaida, wa simu ndogo za vitufe. Namba ngeni.

*Mshauri, namwonea kinyaa mwenzangu. Anakula huku anacheka. Chakula kinaonekana mdomoni.*

Candide alikunja uso. Alimwona kabisa huyo mwanamume: kitambi, fulana yenye jasho la jana, mchuzi kwenye ndevu. Mkate ukamkwama kooni, akausukuma kwa chai.

"Papa Mélissa!" aliita kupitia dirishani. "Nimepata mwingine! Maskini, ameolewa na nguruwe!"

Sauti ya Népomuscène ilitoka uani: "Utamwambia nini?"

"Ngoja kwanza, tamu bado iko mbele!"

Akaandika: *Pole sana mama. Mumeo umeshamwambia?*

Jibu lilichelewa. *Nilijaribu. Nilizungukazunguka. Hakusikia.*

*Ni hilo la kula tu?*

*Hapana. La kula ningelizoea. Linalonishinda ni kile anachokichekea. Nimeshafunga nguo zangu. Usiponipa dawa, leo naondoka, na nyumba imekwisha.*

Candide aliusoma ujumbe huo mara mbili. Hakuuliza mtu huyo alichekea nini; picha ya yale meno yaliyojaa chakula ilikuwa imemtosha. Mtu anawezaje kuishi hivyo, miaka na miaka, na asijione? Tena huyu mwanamke, kwa nini ananyamaza? Alimhurumia kidogo, akamdharau kidogo. Jioni angemhadithia jirani yake Ingrid, na Ingrid angecheka mpaka ashike ukuta.

Akakata kipande kikubwa cha mkate kwa meno, akaandika kwa dole gumba moja, haraka, kwa uhakika wa mtu anayejua kazi yake:

*Usiniandikie tena. Hili si la simu. Simama mbele yake leo hii, akiwa bado anatafuna, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe. Usizunguke. Watu wa namna hiyo hawajioni.*

Akatuma. Akaegemea kiti, akitafuna, ameridhika. Ushauri mzuri kama huo, kule mjini wangemtoza mtu mshahara wa wiki.

Uani, kitu kililia mara moja, kwa sauti nyembamba.

Mlango ukafunguka. Népomuscène alisimama mbele ya meza. Begi lilikuwa begani, limejaa, na zipu yake imefungwa vizuri kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkononi alishika kisimu kidogo cha vitufe ambacho Candide hakuwahi kukiona, taa yake bado inawaka.

Candide alifungua mdomo, akakumbuka umejaa, akaufunga.

"Tafuna tu," Népomuscène alisema. Hakuinamisha macho. "Mi nakuonea kinyaa, Mama Mélissa. Na si juu ya mukate. Ni juu ya yule mama wa Carama."