Salamu Kabla ya Darasa

Nilikuwa nafunga viatu kimya, kama kila asubuhi, mama aliponishika bega.

“Mwatumu, umeamkaje?”

Nilifurahi hadi kamba ya kiatu ikaniponyoka. Kwa sheria ya chuo, anayemchelewesha mwanafunzi hunyang'anywa sauti mwaka mzima, kwa hiyo tangu nianze chuo hatukuwahi kusalimiana asubuhi.

“Shikamoo, mama! Mgongo je?”

“Marahaba. Mgongo umezeeka kuliko mimi mwenyewe!”

Tukacheka, kisha nikatoka mbio.

Mlango wa darasa ulikuwa umeshafungwa. “Umechelewa dakika mbili,” ulisema. “Nani amekuchelewesha?” Taa yake nyekundu ikanimulika kooni.

Mimi, ambaye hata kujibu swali darasani huona haya, nikapaza sauti.

“Andika Mwatumu. Ni mimi niliyezitaka salamu za mama, na kesho nitazitaka tena.”