Mkono Juu

Tangu shule zifungwe, kila nyumba yenye mtoto wa shule ya msingi ilitundikiwa ukutani Msaidizi wa Familia, kidubwasha chenye jicho moja na sauti ya shangazi mnafiki. Asubuhi mpaka alasiri nyumba ilikuwa darasa, na darasani hasemi wala hanyanyuki mtu bila kunyoosha mkono. Hata wazazi.

Mwanahawa alikidharau. Lakini aliyemtia kichefuchefu zaidi ni Shaibu, mumewe, fundi makochi mwenye kifua kama mlango, aliyekuwa akinyoosha mkono apewe ruhusa ya kwenda chooni kwake mwenyewe.

"Mwanamume mzima!" alimnong'oneza, akasonya. "Huna haya, mbele ya mwanao?"

"Mke wangu, wakitukata alama, Rehani atarudia darasa."

"Nitokee hapa, bwege wewe."

Siku moja Rehani, binti yao wa darasa la tatu, aliruhusiwa kwenda kunywa uji. Akaipua sufuria mwenyewe, ikamponyoka, uji wa moto ukammwagikia miguuni. Akapiga ukelele.

Mwanahawa alikuwa karibu naye kabisa. Akanyoosha mkono.

Msaidizi alimaliza kwanza sentensi yake. "Ndiyo, Mama Rehani?" akauliza kwa upole.

Shaibu alikuwa ameshapiga magoti, anammwagia mtoto maji, hajamwomba mtu ruhusa. Rehani, machozi yakimtiririka, aliinua macho akamtazama mama yake. Mwanahawa aliyajua macho hayo. Ndiyo yale yale aliyozoea yeye mwenyewe kumtazama nayo Shaibu.

Na mkono wake bado ulikuwa juu.